Viraka Kumi na Kimoja

Kihonda, Morogoro
3 Machi 2025

Mwalimu Abdulatif,

Shikamoo. Ni mimi Prisca Mloka, yule uliyemfundisha pale chuoni mwaka wako wa mwisho kabla ya kustaafu, ukawa unamwita Bi Haraka. Natumaini hewa ya Kinole inakutendea mema na pilipili manga zimebeba vizuri. Huku Kihonda ni vumbi asubuhi na tope jioni, na jirani yangu amefungua karakana ya matofali ukutani kwangu kabisa. Meza inatetemeka ninapokuandikia.

Nina jambo kuhusu kiendeshi chako cha diski, ile programu inayozungumza na diski kwa niaba ya kompyuta. Juzi wakubwa wanaosimamia kiini cha mfumo endeshi wametoa tangazo. Viendeshi vyote ambavyo bado vinapokea maombi ya kusoma na kuandika kwa njia ya zamani, foleni moja na kufuli moja, vigeuzwe vifuate njia mpya ya foleni nyingi. Mwisho ni tarehe 15 Juni. Kisichogeuzwa kinafutwa. Nimepitia orodha, na chako kimo.

Unajua maana yake kuliko mimi. Yale makabati ya diski ya ofisi ya kumbukumbu za mvua, ambayo uliyaandikia kiendeshi hiki miaka ishirini iliyopita, hayasomwi na kitu kingine chochote duniani. Kikifutwa, miaka yote ya mvua ya Uluguru iliyomo mle inabaki chuma tu. Ila sitakudanganya kwamba nalilia mvua peke yake. Nilijifunza kazi hii kwa kusoma faili lako, mstari kwa mstari, jina lako likiwa juu. Siwezi kukaa nikitazama linafutwa.

Naomba ruhusa niipange upya sehemu inayoshughulikia maombi. Ile sehemu moja ndefu ya mistari mia nane, inayopokea ombi, kulikagua, kulipeleka kwenye diski, kulisubiri na kulifunga, nataka niikate. Ya kupokea iwe peke yake, ya kupeleka peke yake, ya kufunga peke yake. Wewe ndiye mtunzaji na bila sahihi yako wakubwa hawapokei kitu. Nitakutumia viraka kwa barua pepe kama hii, kila kimoja kikionyesha mistari inayotoka na inayoingia, nawe uvikague. Nikupigie simu lini?

Mwanafunzi wako,
Prisca


Kinole
9 Machi 2025

Prisca mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenifurahisha hata nimeomba chai ya pili. Ruhusa unayo. Ile sehemu ya mistari mia nane niliiandika masika ya mwaka 2005, na siku ile ile nilijua ni aibu. Nikasema nitarudi kuipanga. Sikurudi, na hivi ndivyo aibu zinavyozeeka.

Nina masharti lakini. Kiraka kimoja kibebe jambo moja, na kisizidi ukurasa. Kikizidi nakirudisha bila kukigusa. Usinitumie michoro wala picha za skrini, nieleze kwa maneno. Na usipige simu. Huku sauti inakatika kila ukisema mawili, halafu desturi yetu unaijua, mambo ya msimbo huandikwa, ili atakayekuja baadaye ajue nani alisema nini. Usipande pia. Barabara imeliwa na mvua na hao vijana wa bodaboda wanasukuma pikipiki kuliko wanavyozipanda. Masika yakiisha tutaonana inshallah.

Siku hizi nasoma polepole, utu uzima huo, kwa hiyo univumilie. Niko na Zuleha, mtoto wa dada yangu, ananisaidia hiki na kile.

Fanya kazi nzuri. Nataka sana kuiona hiyo sehemu imekaa sawa kabla sijafunga duka.

Wako,
Abdulatif Msumi


Kihonda
30 Machi 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Haya, viraka vyote kumi na kimoja nimekutumia, kila kimoja ukurasa mmoja kama ulivyoagiza. Nilinung'unika, kisha nikagundua kwamba kukata namna hiyo kumenionyesha makosa yangu mawili mwenyewe, kwa hiyo naufuta mnung'uniko.

Vile sita vya kwanza vinajenga tu sehemu mpya pembeni, havigusi kitu chako. Cha saba ndicho roho ya kazi. Hapo ndipo kufunga ombi kunapohama kutoka kwenye sehemu yako ndefu kwenda kwenye sehemu mpya. Ukikikubali hicho, vinne vilivyobaki ni kufagia.

Kiendeshi kizima nimekijaribu kwenye kabati moja la ofisi ya mvua. Siku tatu mfululizo, kusoma na kuandika bila kupumzika, na hakuna hata ombi moja lililopotea. Nilisimama pale kama chizi nasikiliza diski zinavyolia. Yale maneno yako pembeni ya msimbo, "Subiri hapa, diski hii ni mtu mzima", nimeyaacha. Anayetaka kuyafuta aanze na mimi.

Prisca


Kinole
8 Aprili 2025

Prisca mwanangu,

Marahaba. Viraka sita vya kwanza nimevikubali na vimenipendeza.

Cha saba nimekikataa. Unafunga ombi mara mbili. Mstari wa kufunga upo, kisha baada ya mistari michache upo tena. Ombi likishafungwa, nafasi yake kwenye kumbukumbu anapewa mwingine. Ukilifunga tena unamfungia huyo mwingine, naye ataambiwa data yake imefika kwenye diski wakati iko njiani. Hili nilikufundisha mwenyewe ubaoni. Rekebisha, unitumie tena.

A. Msumi


Kihonda
9 Aprili 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Pengine sikujieleza vizuri. Ombi linafungwa mara moja tu, katika sehemu mpya. Naomba ukitazame tena kiraka chenyewe, nakitumia kama kilivyo. Sijabadilisha kitu kwa sababu sijaona cha kubadilisha.

Prisca


Kinole
22 Aprili 2025

Prisca,

Nimerudia mara tatu, mstari kwa mstari, wiki mbili nzima. Mstari wa kufunga upo juu na upo chini. Nimesikia maelezo yako, lakini maelezo hayaendeshi diski, msimbo ndio unaoendesha. Siwezi kutia sahihi kitu kitakachopoteza data ya watu kimyakimya. Kama hutaki kurekebisha, afadhali kiendeshi kifutwe kikiwa kizima.

Usidhani napenda kukwambia hivi.

A. Msumi


Kihonda
4 Mei 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku kumi na mbili ili nisijibu kwa hasira, na hasira bado ninayo, kwa hiyo acha niseme.

Mstari wa juu unaousema una alama ya kutoa mwanzoni mwake. Alama ya kutoa, Mwalimu! Maana yake umeondoka. Wa chini una alama ya kujumlisha, huo ndio ulioingia. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza analiona hilo akiwa na usingizi. Sasa ama huvifungui viraka vyangu, ama unavifungua ukitafuta sababu, na mimi nimeanza kuamini hiyo ya pili. Unanikataza simu, unanikataza kupanda, unanipa masharti ya ukurasa mmoja kama mtoto wa chekechea. Hutaki mkono wa mtu mwingine uguse kazi yako. Unataka ife na wewe.

Nilikuheshimu kuliko mtu yeyote katika kazi hii. Sijui huyo niliyemheshimu amekwenda wapi.

Zimebaki wiki sita. Ikifika tarehe 12 sijapata sahihi yako, nitawaandikia wakubwa, mbele ya wote, waondoe jina lako kwenye utunzaji waweke langu. Sipendi kufanya hivyo, lakini nitafanya.

Prisca Mloka


Kinole
15 Mei 2025

Prisca mwanangu,

Kosa ni langu. Viraka vyote kumi na kimoja ni safi, na cha saba ni safi kuliko vyote. Ile sehemu ya kupeleka umeikata vizuri kuliko ambavyo ningeikata mimi. Sahihi yangu iko chini ya kila kimoja.

Barua yako ilichelewa kunifikia. Mnara wetu wa simu ulikaa bila umeme tangu tarehe 3 hadi 11, kisha nilihitaji siku nne kuvipitia upya tangu mwanzo. Ulisema ungewaandikia wakubwa tarehe 12. Sijui kama umeandika. Vyovyote vile, kazi iende mbele.

Nijibu hata neno moja, nijue kwamba sahihi zimekufikia na zimekubaliwa.

Wako,
Abdulatif Msumi


Kinole
2 Juni 2025

Dada Prisca,

Shikamoo. Hatujaonana, ila mimi barua zako nazijua zote, kwa sababu ni mimi niliyezisoma. Naitwa Zuleha Hashimu, mpwa wake Mwalimu Abdulatif.

Mjomba ametangulia mbele ya haki Alhamisi tarehe 29 Mei, saa nne asubuhi. Tulimzika alasiri ile ile, mlimani juu ya nyumba, karibu na mama yake. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Dada, mjomba alikuwa haoni. Sukari ilianza kumla macho mwaka juzi, na mpaka Januari mwaka huu alikuwa amebaki na mwanga wa dirisha tu. Hakutaka mjue. Alisema watu wa kazi yake wakisikia mtunzaji haoni, watamwita marehemu kabla ya siku zake. Barua yako ya kwanza ilipokuja alisema, "Nikimaliza hiki cha Prisca nitawaambia mwenyewe."

Basi nikawa namsomea, na majibu ananitajia mimi naandika. Nimeishia kidato cha nne, na kompyuta yenyewe nimeijulia kwake. Nilisoma kila kitu kama nilivyokiona, mabano, nukta mkato, vyote, ukurasa mmoja unatuchukua asubuhi nzima. Ila zile alama za kujumlisha na kutoa mwanzoni mwa mistari sikuzisoma. Nilidhani ni mapambo ya kompyuta, kama vidoti ambavyo mtu anaweka anapoandika orodha ya kwenda sokoni. Na yeye hakuuliza, kwa sababu kwake hakuna msomaji anayeweza kuziruka. Viraka sita vya kwanza vilikuwa vinaingiza tu mistari, kwa hiyo havikuharibika. Cha saba kilikuwa kinatoa. Mjomba akasikia mstari wa zamani na mpya, yote miwili, akaona unafunga mara mbili.

Barua yako ya tarehe 4 ilipofunguka niliisoma kwanza kimoyomoyo. Nilishindwa kumpelekea mgonjwa maneno yale. Nikatunga. Nikasema Prisca anakusalimu sana, anasema atakitazama tena kiraka. Akatabasamu, akasema, "Hebu rudia." Nikarudia, na maneno hayakuwa yale yale. Akasema, "Zuleha, mimi nina macho yako tu. Yakinidanganya nimekwisha." Akaniapisha kwa Mungu nisiruke kitu wala nisitunge kitu tena, kiwe kizuri au kibaya.

Ndipo nikasoma yote. Nilipofika pale pa alama ya kutoa akaniinulia mkono nisimame. "Hizo alama zipo?" Nikamwambia zipo. "Tangu kiraka cha kwanza?" Tangu cha kwanza. Alicheka, Dada, alicheka mpaka kikohozi kikamshika, kisha akajifunika uso kwa shuka na sikujua tena kama anacheka. Tukaanza upya. Siku nne, na yeye hawezi kukaa, nasoma naye kajilaza.

Tangu tarehe 15 alipokuandikia, kila siku aliniuliza, "Prisca kajibu?" Na mimi nilikuwa nimeapa. Nikamwambia bado. Siku kumi na nne, asubuhi na jioni, bado. Hata Alhamisi ile aliuliza.

Nimeona nikujulishe.

Zuleha Hashimu


Kihonda
3 Juni 2025

Zuleha mdogo wangu,

Marahaba. Pole. Poleni wote hapo nyumbani. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na tangu hapo nimeanza kukujibu mara nyingi nikafuta.

Sahihi zake zilinifika. Zilifika siku ile ile. Lakini tarehe 12 Mei nilikuwa nimeshaandika, mbele ya mamia ya watu wa kazi yetu dunia nzima, kwamba mtunzaji aliyepo ameacha kusoma viraka. Niliyaandika hivyo hivyo, "ameacha kusoma". Tarehe 14 wakubwa wakaondoa jina lake wakaweka langu. Kesho yake ikaja barua yake, ya upole vile, bila neno moja la kunigombeza, na mimi aibu ikanishika mkono. Nilijiambia neno moja halitoshi. Nilijiambia masika yakiisha nitapanda Kinole nimpigie magoti ana kwa ana. Kila asubuhi nilifungua barua ile, nikaifunga. Kumbe ndizo asubuhi ambazo alikuwa anakuuliza wewe. Nimelia, Zuleha, na kulia kwenyewe naona kama kujipendelea.

Nimewaomba wakubwa wamrudishie jina. Wanasema watamtaja kwa heshima, na wengi wamemwandikia maneno mazuri, nitakuletea uyasome. Ila yale yangu hayatoki. Kumbukumbu ya kiini haifutwi, kila badiliko hukaa na maneno yake na tarehe yake milele. Miaka hamsini ijayo atakayefungua atakuta Prisca Mloka akisema Abdulatif Msumi ameacha kusoma. Na alikuwa anasoma, kwa mdomo wako, asubuhi nzima kwa ukurasa mmoja.

Nakuomba uniambie kitu kimoja tu. Yale ya tarehe 12 aliyasikia? Ulimsomea?

Na uniruhusu nije kwenye arobaini.

Prisca


Kinole
20 Juni 2025

Dada Prisca,

Shikamoo. Nimeona kwenye kompyuta kwamba kiendeshi kimepokelewa tarehe 13, viraka vyote kumi na kimoja, na sahihi zake zimo. Angefurahi. Alhamdulillah.

Umeuliza kama nilimsomea. Nilimsomea. Yalikuja kwetu tarehe 16 Mei, maneno yako kwanza, kisha mistari miwili chini yake. Safari hiyo sikuruka alama. Nikasoma, kutoa, Abdulatif Msumi. Kujumlisha, Prisca Mloka. Mjomba akaniuliza kama jina lako limeandikwa sawasawa. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi kiendeshi kina mwenyewe." Akaomba uji, akaunywa nusu.

Alivyoendelea kuuliza kama umejibu hakuwa anaulizia jina. Alitaka kujua kama sahihi ya mtu aliyeondolewa bado inahesabika. Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha raha. Neno moja kutoka kwako lingetosha, kwa hiyo usijiambie tena kwamba lisingetosha.

Kwetu Waluguru vitu vya mwanamume vinakwenda kwa watoto wa dada yake. Wazee wa ukoo walikaa wiki iliyopita. Mimi nimepewa kompyuta, na kaka yangu Abasi ndiye atakayerithi jina la mjomba siku ya arobaini. Wakauliza na ile kazi yake ya kompyuta ameichukua nani. Nikasema ni mwanafunzi wake, anaitwa Prisca. Mzee mmoja akaniuliza, "Alimrithisha au huyo aliichukua mwenyewe?" Watu wote wakanitazama. Nikasema alimrithisha. Sijui kama hapo nilivunja kiapo changu, na nimekosa wa kumuuliza.

Arobaini ni Jumatatu tarehe 7 Julai. Njoo. Barabara imekauka, magari ya ndizi yanapanda tangu asubuhi. Utakaa na sisi wanawake jikoni, hakuna atakayekuuliza kitu.

Kuna jambo nililiruka kwenye barua yangu ya kwanza. Alhamisi ile, baada ya kumwambia bado, mjomba alinituma kwako. Alisema, "Mwambie Prisca sina kinyongo naye hata kidogo." Sikuliandika kwa sababu sikutaka ulipate. Leo nimelifikisha kama alivyolisema, sikuongeza wala sikupunguza. Hilo ni lake yeye. Mimi kinyongo bado ninacho.

Zuleha Hashimu